Watoto wasiokula nyama kwenye ukoo wa wala samaki

Mtu akishajua watoto wangu hawali nyama wala samaki, kitu cha kwanza anachofanya ni kuwaangalia mikono. Nimeona sana hii, anamshika mtoto, anamminya kidogo hapa juu ya kiwiko, afu ananigeukia na kusema "mbona wako vizuri tu?", yaani alitegemea kukuta mifupa. Nimeamua niandike kwa kirefu maana akina mama wananiuliza kila mahali, kanisani, kliniki, kwenye foleni ya benki, na wengi wao wanataka kuanza ila nyumbani hapakaliki, mume anasema hivi, wifi anasema vile, na wao wenyewe moyoni wana hofu. Hofu hiyo naielewa na kwa kweli naona ni nzuri, mama asiye na hofu kabisa kwenye hili jambo ndo ananitisha mimi.

Sisi ni Wasabato. Mimi Mpare, mume wangu Mjita wa Musoma vijijini, tunaishi Dar. Usabato uliingia Upare mwaka 1903, wamisionari kutoka Ujerumani walipanda milimani wakaanzia pale Giti, kwa hiyo kwetu mafundisho ya afya tumeyakuta kwa mabibi. Watu wa nje wanadhani Msabato yeyote hali nyama, hapana, kinachokatazwa ni vile vya Walawi 11, nguruwe, kambale na wenzake, ila ng'ombe, mbuzi, kuku na samaki mwenye mapezi na magamba wengi wetu wanakula vizuri tu. Kuacha nyama kabisa kunashauriwa, halazimishwi mtu, na ndo maana kwenye familia moja unakuta bibi anakula sato kila siku na mjukuu wake hagusi.

Mi na mume wangu tulikubaliana mapema kwamba nyumbani kwetu hakupikwi nyama wala samaki, ila mayai na maziwa watoto watapata. Shikilieni hapo kwenye mayai na maziwa, maana ndo panabadilisha hesabu yote, nitaeleza.

Sasa kitu ambacho nataka kukisema kwa nguvu kuliko vyote ni hiki: kukosa nyama na kutokula nyama ni vitu viwili tofauti kabisa, na mtoto anayalipa mwilini mwake kama mzazi amevichanganya. Nchi hii imejaa watoto ambao hawali nyama, hawajaamua, hawana. Wanakula ugali na mchicha uliopikwa kwa mafuta kijiko kimoja, kesho ugali na mlenda, keshokutwa ugali na mchuzi wa nyanya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na Iringa ni zaidi ya nusu, Iringa hiyo hiyo inayovuna mahindi mpaka inalisha mikoa mingine. Kwa hiyo mtu akiniambia "mbona kijijini tulikua bila nyama na tuko hai", namwambia dada yangu, kuwa hai ni jambo moja na kukua ni jambo lingine. Ukiitoa nyama kwenye sahani ya mtoto unatakiwa ujue ilikuwa inafanya kazi gani pale, na hizo kazi zote uzigawe kwa vyakula vingine, kila siku, hata siku umechoka.

Protini, ambayo ndo kila mtu anaiulizia, kwa nyumba yetu sisi Waswahili ndo shida ndogo kuliko zote. Nimekua na makande. Mpare hahitaji kuelezwa makande ni nini, mahindi na maharage vimechemka pamoja mpaka vimeelewana, na wazee walijua bila maabara kitu ambacho watu wa lishe walikuja kukieleza baadae, kwamba mahindi yana upungufu wa laisini, moja ya vitu vinavyojenga protini, na maharage yanayo tele, na kinachopungua kwenye maharage mahindi yanacho. Kwa hiyo mtoto akila makande, au wali na maharage ya nazi, au ugali na kunde, au maandazi na mbaazi za nazi kama watu wa pwani asubuhi, amepata. Maharage makavu ni kama robo ya uzito wake protini, karanga hivyo hivyo, soya inazidi theluthi. Na hata hapa Dar, nenda Kisutu kule kwenye mahekalu ya Kihindu, kuna familia hawajagusa nyama vizazi na vizazi, babu hajala, baba hajala, watoto wanacheza kriketi mchana kutwa. Mi choroko zilizokobolewa nimejifunzia kwa mama mmoja wa Kihindi jirani yetu wa zamani, anaziweka binzari nyembamba kwenye mafuta ya moto mwishoni kabisa, zile mbegu zikishaanza kutoa sauti anamwagia juu ya choroko na kufunika hapo hapo, na wanangu hicho chakula wanakigombania.

Tatizo la maharage liko kwenye tumbo la mtoto. Mtoto wa mwaka mmoja tumbo lake dogo, na vyakula hivi vina makapi mengi, anashiba haraka kabla hajapata nguvu ya kutosha, afu mama anasema "amekula vizuri, kamaliza bakuli", kumbe bakuli lilikuwa maji na makapi. Hapa ndo watoto wengi wasiokula nyama wanapotea uzito. Kwa hiyo mi wangu walipokuwa wadogo nilikuwa nalowesha kunde au maharage usiku kucha, namwaga yale maji, nachemsha mpaka yaive kabisa, nayamenya ganda, nayaponda, afu lazima kuwe na mafuta ndani, karanga zilizosagwa, au tui zito, au parachichi. Parachichi jamani, tunalo la bei rahisi na tunaliacha linaoza chini ya miti. Na uji, ukitaka uwe mzito wenye nguvu halafu mtoto aweze kuumeza, tumia kimea, ulezi unaloweshwa, unaachwa uote, unaanikwa, unasagwa, kijiko kidogo tu cha kimea ukitie kwenye uji mzito uliopoa kidogo utauona unalegea wenyewe mbele ya macho yako bila kuongeza maji. Nikimaliza naurudisha jikoni uchemke tena kidogo, basi.

Unga wa lishe wa kununua, ule wa kila kitu ndani, mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya, karanga, na mara nyingi dagaa, mi siupendi na sio kwasababu ya dagaa tu. Soya kama haikuchemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa inazuia mtoto kusaga protini, na wewe kwenye pakiti huwezi kujua aliyesaga alifanya nini. Karanga na mahindi vikiwa na unyevu vinaota ukungu wenye sumukuvu, na sumukuvu sio stori, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Na ukishasaga vyote pamoja vinakaa miezi. Nasaga kidogo kidogo, kila kitu na kopo lake, karanga nachambua moja moja kwenye ungo, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyo chungu, inatupwa, hata kama ni nusu kilo.

Haya, chuma. Hapa ndo pagumu na hapa ndo nawaomba msiruke. Chuma cha kwenye majani na maharage mwili unakichukua kwa shida kuliko cha nyama, ndo maana wataalamu wanashauri asiyekula nyama alenge mara 1.8 ya kiasi cha anayekula. Na mchicha ambao kila mtu anautaja kama dawa ya damu, chuma kimo ila kimefungwafungwa humo ndani, mwili unaambulia kidogo. Kinachosaidia ni vitamini C kwenye mlo huo huo, sio asubuhi chungwa na jioni maharage, hapana, pamoja. Kwetu kila mlo wa maharage una kitu kibichi au kichachu pembeni, kachumbari yenye limao, kipande cha embe, pera, juisi ya ubuyu isiyo na sukari nyingi. Na chai, hii tabia yetu ya kumpa mtoto chai ya rangi na chakula kwakweli tuiache, majani ya chai yanakishika kile chuma kidogo alichopata na kukitoa nacho. Wangu chai wanakunywa siku mojamoja, na inakaa mbali na chakula, saa nzima au zaidi. Maziwa pia, nayapenda ila kuna mama anampa mtoto maziwa lita nzima kwa siku anadhani anamjenga, mtoto anashiba maziwa, hali kitu kingine, na damu inashuka. Vikombe viwili vinatosha.

Afu damu ya mtoto wa hapa kwetu haipungui kwasababu ya chakula peke yake. Kuna malaria, kuna minyoo. Hivyo wangu wamelala kwenye chandarua tangu wamezaliwa, na ile miezi ya kliniki ya matone ya vitamini A na dawa za minyoo hatujawahi kuiruka, na naomba wapimwe wingi wa damu hata kama nesi anashangaa kwamba mtoto hana homa unataka kumpima nini. Namwambia tu, sister, hawa hawali nyama, naomba tuangalie. Kadi ya kliniki naiheshimu kuliko maneno ya mtu yeyote, ule mstari ukipanda nalala usingizi, ukilala unyoofu miezi miwili mimi siendi kwenye maombi kwanza, naenda kwenye sufuria kuangalia nini kimepungua, na maombi yanaendelea huku napika.

Na sasa B12, ndo ile sababu nilisema shikilieni mayai na maziwa. Hii vitamini haimo kwenye mmea wowote tunaokula, haimo kwenye mlonge, haimo kwenye soya, haimo kwenye spirulina, ule mwani wa kijani wanaouziwa watu kanisani, ile ina kitu kinachofanana nayo ambacho mwili hauwezi kukitumia. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji maikrogramu 1.2 kwa siku, ni kitu kidogo mno, yai moja lina karibu nusu maikrogramu na kikombe kikubwa cha maziwa kinakaribia 1, kwa hiyo yai na maziwa kila siku tumemaliza. Ila yule ambaye ameacha na mayai na maziwa, na kwenye kanisa letu wapo na wanazidi, huyo lazima mtoto apate B12 ya dukani au chakula kilichoongezwa virutubishi, na mama anayenyonyesha ambaye hali hivyo vitu lazima na yeye ameze, maana isipokuwemo mwilini mwake na maziwa yake hayatakuwa nayo, na mtoto mchanga akiikosa inaharibu mishipa ya fahamu na ubongo, na sio kila kilichoharibika pale kinarudi. Nimeshamsikia mtu akifundisha mbele ya watu kwamba Mungu atatoa. Mungu ametoa, iko famasi. Kumnyima mtoto kidonge kwa jina la imani mimi naliita kosa na nitaendelea kuliita hivyo hata nikikaa na nani.

Tukiwa hapo hapo, ule utafiti wa Wasabato wa Marekani na Kanada wa chuo cha Loma Linda, ulioanza 2002 na watu kama elfu 96, tunaupenda sana kuutaja kwenye semina, na kweli ulionyesha wasiokula nyama walikuwa wanakufa kidogo kuliko wenzao kwa kipindi walichofuatiliwa. Lakini wale ni watu wazima. Hauwezi kuuchukua ukamlisha nao mtoto wa miezi nane. Kuhusu watoto ninachokishika ni kile chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani walichosema mwaka 2016, kwamba mlo usio na nyama unafaa kwa umri wote, wachanga na watoto wakiwemo, ukiwa umepangwa vizuri. Watu wanaisoma hiyo sentensi wanaishia katikati.

Turudi kwa watu sasa, maana sufuria nimeimudu, watu ndo kazi.

Mama mkwe wangu nampenda na naomba hili lieleweke kabla sijaendelea. Amelea watoto wote kwa ziwa, yaani sato, sangara, furu, dagaa, kwake mtoto kuchezea mwiba wa samaki ni sehemu ya kukua. Alikuja kukaa na sisi mwanangu mkubwa akiwa na miezi kumi hivi, akafungua begi, chini ya kitenge kuna furushi la sato wakavu kutoka nyumbani, harufu ikajaa sebule nzima, kabebea mjukuu wake kutoka Musoma kwenye basi usiku kucha. Hebu fikiria kumwambia mtu huyo hapana. Nikapiga goti nikasema shikamoo mama, nikampokea begi. Usiku mume wangu ndo aliongea nae, maana hilo ni la mwanae kusema, mkamwana ukilisema wewe linakuwa lingine. Mama akasikiliza afu akasema "mwanangu, sato ana mapezi na ana magamba. Na Bwana Yesu mwenyewe alikula samaki." Ni kweli, Luka 24 iko wazi, alikula samaki wa kuokwa mbele yao. Sisi hatukubishana nae Biblia. Mume wangu akamwambia mama, samaki sio dhambi, wewe kula, ila huyu tumeamua kumlea hivi, na ukimuona anadhoofu utuambie.

Aliposema utuambie ndo alimpa mama kazi, na mama akaifanya kweli. Kila nikienda kliniki anakuja, anashika kadi mwenyewe, hasomi sana ila ule mstari anauelewa, anaufuatisha na kidole. Akawa ananiangalia ninavyoponda kunde na karanga, siku moja akanyang'anya mwiko akaniambia karanga zako hazijakaangwa zikaiva, akakaanga yeye, na kweli zilikuwa tamu kuliko zangu. Mpaka leo bado hajakubali, tusidanganyane, akipiga simu anauliza "mtoto bado hali samaki?", nasema bado mama, anaguna. Ila anapokuja sasa analeta karanga za Majita na viazi lishe, na sato zake anakula kwa dada yake Tabata.

Ugumu mwingine ni ile "mchuzi tu". Jamani hii. Uko kwenye harusi au msiba, umeshamwambia shangazi kwamba watoto hawali nyama, anakubali kabisa, "ondoa shaka mama", afu unamuona na upawa anasukuma vipande pembeni, anachota mchuzi ule ule anammwagia mtoto kwenye wali, anakutabasamia, "nimempa mchuzi tu." Anafanya kwa upendo wote. Kwetu nyama ndo heshima, mgeni anapewa paja, mtoto anatafutiwa firigisi au kipande laini, na mtoto anayepelekewa wali mkavu kwenye sherehe kila mtu anamuonea huruma. Kwa hiyo tumezoea kubeba hotpoti letu, ndani maharage ya nazi yaliyokolea, na nabeba mengi sio ya watoto tu, ya kugawa, na nikiwahi nawapa watu wa jikoni kwanza waonje. Mtu akishakula chakula chako haoni tena kwamba umekuja kudharau chake.

Na hili la kudharau nimelifundisha watoto kwa ukali kuliko hata lile la nyama. Ni marufuku kusema "yak" kwenye sahani ya mtu. Ni marufuku kumwambia mtoto mwenzio chakula cha mama yake ni kibaya. Jirani zetu ni Waislamu, Ramadhani futari inakuja kwetu na kaimati na tambi na mihogo ya nazi na mara nyingine pilau la nyama, na mtoto anapokea kwa mikono miwili, anasema asante mama, pilau nampelekea mlinzi wetu na sahani inarudi haiko tupu. Watoto wanasema "asante, mi sili nyama", mwisho, bila mahubiri.

Binti yangu mdogo alikula mshikaki kwenye bethidei ya rafiki yake shuleni. Alirudi kimya, usiku akaja kitandani kwangu ananiambia mama nimekula, ilikuwa tamu. Nikamuuliza tumbo linauma, akasema hapana. Nikamwambia sawa, asante kwa kuniambia. Basi. Kuna wazazi wenzetu wangemuombea toba hapo hapo, na mimi naona hapo ndo tunawapoteza watoto, mtoto akishajua kwamba kipande cha nyama kinaweza kumfanya mama asimpende atajifunza kula kwa kujificha, na akishajua kujificha kwenye chakula atajificha na kwenye mambo makubwa. Sijawahi kuwaambia nyama ni dhambi. Nimewaambia sababu zetu, Mwanzo 1 chakula cha kwanza alichopewa mtu kilikuwa mbegu na matunda, na habari ya afya, na mbuzi pia, maana mkubwa anapenda sana mbuzi tukienda Same anawapa majina.

Huyo mkubwa mwakani anaenda bweni. Nimeenda shuleni kuuliza jikoni, mpishi mkuu akanielewa haraka kuliko nilivyotegemea, maana chakula chenyewe ni ugali maharage, wali maharage, makande, na nyama ni mara moja kwa wiki, hiyo siku atapewa maharage ya mchana. Kinachokosekana ni mayai na maziwa, ni nadra kuyaona. Kwa hiyo atakuwa na vidonge vya B12, nitavikabidhi kwa matroni na barua ya daktari, atakuwa na karanga za bibi yake na ubuyu wa unga wa kuchanganya kwenye maji wakati wa kula, na likizo ya kwanza tunapitia hospitali kupima damu kabla hata ya kufika nyumbani. Baba yake amemkalisha akamwambia kule utakuwa peke yako, uamuzi wa kula au kutokula ni wako, hatutakuuliza. Mi ilinichoma kidogo kusikia, ila nakubaliana nae.